Mistari ya Buluu na Kwaya ya Watu Kumi na Wanne

Watu wengi wa Meru waliosikiliza kwaya kwenye kaseti miaka ile ya tisini walisikiliza kazi ya mikono yangu, hata kama wenyewe hawajui. Nasema hivyo bila haya. Niliacha shule darasa la tano, nikachuuza mayai ya kuchemsha, nikachuuza betri za redio, na kabla watu hawajashtuka nilikuwa na kibanda changu Makutano chenye deki mbili za kunakili kaseti, spika moja kubwa iliyoelekezwa barabarani, na rafu ya mbao niliyoigongea misumari mimi mwenyewe. Mtu akitaka kwaya yoyote kutoka Timau mpaka Chuka alikuja kwangu. Nikimwambia hakuna, alirudi nyumbani, kwa sababu kama mimi sina, basi hakuna aliye nayo.

Kava nazo nilitengeneza mwenyewe. Kava ni ile karatasi ngumu inayokaa ndani ya kasha la plastiki. Ina uso wa mbele, halafu inakunjwa kutoa ukanda mwembamba tuliouita mgongo, halafu inakunjwa tena kutoa kipande kifupi cha nyuma. Mimi nilikuwa nabandika picha kwa gundi, naandika majina kwa kalamu nene, napeleka kwa mwenye fotokopi, halafu nakata. Na nilikata kubwa makusudi. Kazi ya kuifanya iingie kwenye kasha niliuachia wembe: unanyoa kidogo, unajaribu, unanyoa tena kidogo. Wembe wangu ulikaa kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Rula nilikuwa nayo, lakini niliitumia kukorogea gundi.

Basi siku moja akaja mwenyekiti wa kwaya moja ya huko Kiirua. Kwaya yao nilikuwa nimeirekodi wiki mbili kabla, na sauti zilitoka safi kama maji ya mlimani. Nilidhani amekuja kunipongeza.

"Muga, ndugu," akanisalimia kwa Kimeru, na akakaa kwenye kreti ya soda bila kukaribishwa. "Ile kazi ya sauti tumeipenda. Sasa nimekuja na neno la mama."

Mama huyo nilimjua. Ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza, mwanzilishi wa nyimbo. Kwaya zetu za huku haziimbi kutoka kwa karatasi. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na yule mwanzilishi asipofungua mdomo wote mnasimama kama ng'ombe mbele ya lango lililofungwa. Wenzake walikuwa kumi na watatu, na yeye wa kumi na nne.

"Neno gani?"

"Unajua kaseti yetu ya kwanza, ile alitutengenezea mtu mwingine."

"Si mimi."

"Si nimesema si wewe? Kwenye ile kava, mama alikunjwa. Jicho moja mbele, jicho lingine kwenye mgongo. Pua ndiyo ilikuwa kona." Akajigusa pua yake kunionyesha. "Akienda soko, watu wanamuuliza, 'Mama, nusu yako ile ingine umeacha wapi?' Watoto wa shule wakawa wanampita wamefunika jicho moja. Alikaa mwaka mzima bila kuimba. Kurudi, tulimwomba kwa magoti."

"Sasa?"

"Sasa ameimba. Lakini amesema kava ataiona kwa macho yake Jumamosi, kabla ya uzinduzi wa Jumapili. Akikunjwa tena, anarudisha yunifomu. Na asipokuwepo Jumapili, ndugu, hakuna wimbo utaanza."

Hakumalizia, lakini mimi nilimalizia kichwani. Kwaya ya Kiirua ikivunjika kwa sababu ya kava yangu, kwaya zote za upande ule wa Buuri zingesikia kabla ya jua kuzama. Nani angeniletea sauti yake tena?

Alipotoka nje akageuka. "Na kitu ingine. Kila sura ijulikane. Hata na nyanya ambaye hana miwani."

Nilikaa na picha yao mkononi. Ilikuwa imepigwa mbele ya kanisa, saba nyuma, saba mbele, yunifomu za zambarau. Mama alikuwa mwisho kabisa wa mstari wa mbele, upande wa kushoto, mahali pa mwanzilishi. Kupiga nyingine haikuwezekana, maana mwimbaji wao mkubwa wa bezi alikuwa amehamia Mombasa kikazi. Nikaipima kwa jicho na kasha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu jicho likaniambia: hapa, bwana, mimi simo.

Wakati huo nilikuwa nimeona kadi ya harusi iliyotoka Embu. Maandishi yake yalikuwa yamenyooka kiasi kwamba niliigeuza nyuma kuona kama kuna alama ya penseli iliyofutwa. Hakuna. Nikauliza, nikaelekezwa kwa mwanamke mmoja mtaa wa Majimbo aliyeacha kazi ya kupiga chapa ofisini akajinunulia kompyuta. Meru zilikuwepo kompyuta, sikatai, lakini za kuandikia barua. Huyu alikuwa na programu ya kuchora, na skana ya kuingiza picha.

Nilimpata sebuleni kwake. Kompyuta ilikaa mahali ambapo watu wengine wangeweka televisheni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani mikubwa, na alizungumza na mtu huku akiendelea na kazi yake, bila kugeuka. Nikajitambulisha. Nikamwambia mimi ni nani pale Makutano, kwaya ngapi zimepita mikononi mwangu, na kwamba sijawahi kushindwa na kava.

"Basi prodyusa," akasema, "kama hujawahi kushindwa, umefuata nini Embu?"

Nikacheka. Mtu akinipiga vizuri huwa nacheka.

Nikampa picha na vipimo. Vipimo nilikuwa nimevichukua asubuhi hiyo kwa ile rula ya gundi, baada ya kuikwangua: mbele sentimita saba, mgongo moja nukta saba. Akaiweka picha kwenye skana, ikaingia taratibu kwenye kioo, kutoka juu kwenda chini, kanisa kwanza, kisha vichwa, kisha zambarau. Halafu akafanya kile kitu ambacho mpaka leo nikikieleza mikono yangu inainuka yenyewe.

Pembeni ya kioo kulikuwa na rula mbili zilizochorwa, moja juu imelala, moja kushoto imesimama. Akapeleka mshale wa mausi juu ya ile rula ya kushoto, akabonyeza, akavuta. Ndani ya rula ukatoka mstari. Mstari mwembamba wa buluu, wa vidotidoti, mrefu kutoka juu ya kioo mpaka chini, ukafuata mkono wake kama mbuzi aliyezoea kamba. Akauacha mahali pa mkunjo wa kwanza. Akarudi kwenye rula, akavuta mwingine, mkunjo wa pili. Kisha kutoka ile rula ya juu akavuta wa kulala, wa mahali ambapo jina la kwaya litakaa.

"Hiyo ni nini, madam?"

"Mistari ya kuongoza."

"Itaonekana kwa kava?"

"Haichapishwi. Ni ya macho yako tu."

Akaandika jina la kwaya, akalisogeza karibu na mstari wa kulala. Lilipokaribia, likaruka lenyewe na kunata juu yake. Sikuamini. Nikamwambia alitoe. Akalitoa. Alirudishe. Likaruka tena, likanata palepale, wala si unywele juu wala unywele chini. Mimi nimeona wanaume wazima wakigombana kanisani kwa sababu neno moja kwenye bango lilikaa upande, na hapa kuna mstari hata haupo duniani, na maneno yanautii.

"Nipe nijaribu."

Akanipisha kiti. Nikavuta mstari kutoka kwa rula, ukatoka. Mara ya pili niliuachilia mapema, ukarudi ndani ya rula ukapotea.

"Umemezwa," nikasema.

"Haujapotea, hukuumaliza kuuvuta. Shikilia mpaka ufike."

Kufikia wa tano nilikuwa nauweka mahali ninapotaka. Najua watu waliosoma mpaka chuo ambao hawakushika mausi kwa wiki nzima bila kutetemeka. Mimi ilinichukua dakika kumi.

Basi tukapanga picha. Kwa vipimo vyangu watu wote kumi na wanne walitosha mbele vizuri, mama akiwa karibu na mkunjo lakini hajaugusa. Akachapa moja ya kujaribu. Tukakata, tukakunja kwenye mistari, nikachukua kasha tupu nikaitumbukiza.

Haikuingia.

Nikasukuma. Karatasi ikajipinda katikati kama mtu mwenye tumbo. Sasa mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda kwenye mfuko wa shati, ukatoa wembe. Nikanyoa upande. Nikajaribu. Nikanyoa tena. Ikaingia. Nikaiinua juu kwa furaha, na yule mwanamke akaitazama, halafu akaweka kucha yake juu ya kava, pale pembeni.

Karatasi ilipobanwa ndani ya kasha ilikuwa imejitengenezea mkunjo mpya. Na mkunjo huo ulipita shavu la mama, ukashuka mpaka shingoni.

"Vipimo ulipima wapi?" akaniuliza.

"Kwa kasha."

"Ndani ama nje?"

Nilikuwa nimepima nje. Miaka yote nilikuwa nakata kubwa na kunyoa, kwa hiyo kubwa ndiyo iliyokuwa kipimo changu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ndani ama nje, maana wembe ulikuwa unajibu kwa niaba yangu.

"Prodyusa," akasema, na sasa aligeuka akanitazama, "umepima nyumba kwa nje, halafu unataka kitanda kiingie."

Nikamwambia nilikuwa nimeacha ziada.

"Ziada ya nini? Hapa hakuna wembe. Mahali mstari uko, ndipo mkunjo uko. Ukinipa uongo, mstari utaushika uongo wako vizuri kabisa."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, polisi, makanga wa matatu, shangazi zangu. Hakuna aliyenisaidia kama huyo. Akachukua kaseti yake ya dukani, akaitoa kava, akainyoosha mezani, akaipima: mbele sita nukta tano, mgongo moja nukta mbili. Akabonyeza juu ya mstari wa kwanza, kikatokea kisanduku kidogo, akaandika namba mpya ndani yake, na mstari ukahama peke yake ukasimama mahali pa haki. Wa pili vilevile. Na palepale, kabla ya kuchapa chochote, kabla ya karatasi wala wino kuharibika, tukaona wote wawili: mstari wa buluu ulipita katikati ya uso wa mama.

Hapo ndipo nilipoipenda kweli. Wembe unakuonyesha kosa likiwa limeshatendeka. Mstari huu ulinionyesha aibu ya Jumamosi nikiwa bado Alhamisi, nimekaa kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi.

"Tupunguze picha," akasema. Akaipunguza. Mama akatoka kwenye mstari, lakini akabaki ameuegemea.

Sasa hapo na mimi nikawa mwalimu. Nikamwambia, "Madam, wewe unajua kompyuta, mimi najua kaseti. Kava ikikaa mwezi mmoja, kwa mkunjo wino unapasuka. Kunakuwa kweupe, kweupe hivi, na kunapanuka. Mtu akiwa karibu na mkunjo, sikukuu ikifika hana sikio."

Akafikiri. Akavuta mstari mwingine, akausimamisha ndani kidogo ya ule wa kwanza, kama ua ndani ya ua. "Basi asivuke huu." Akapunguza picha tena mpaka mama akawa ndani ya ua wa pili.

Tukainama wote wawili. Nyuso zilikuwa kama ndengu kwenye ungo.

"Nyanya ambaye hana miwani," nikasema.

"Nani?"

"Hapana. Rudisha ukubwa."

Akairudisha kubwa. Mama akarudi mkunjoni. Akaisukuma picha kulia, mama akatoka, na yule wa mwisho upande ule mwingine akakatwa bega. Akaisukuma kushoto, bega likarudi, mama akakunjwa. Tulifanya hivyo mpaka chai ikapoa. Yeye hakuwahi kusema imeshindikana. Alikuwa anatoa tu pumzi puani na kuanza upya, na mistari ile ilikaa pale pale, haikuchoka, haikukasirika, ikisema ukweli uleule kila mara.

Nilikuwa naiangalia picha, sasa si kama kava bali kama mtu wa rafu. Mimi kaseti naziona zikiwa zimepangwa. Na kaseti zikipangwa kwenye rafu, uso wa mbele hauonekani. Mteja akisimama Makutano mbele ya kibanda changu, anachoona ni migongo, mamia ya migongo, maandishi madogo ya kukosesha macho raha.

"Madam, isukume kushoto zaidi."

"Atakunjwa."

"Zaidi. Mpitishe."

Akasukuma. Mstari ukapita kwenye sikio la mama, ukapita bega, ukaingia katika nafasi kati yake na mwenzake. Maana mama alikuwa amesimama hatua moja kando, palikuwa na mwanya, ukuta wa kanisa ukionekana. Na mstari ukasimama mwanyani. Mama akawa amevuka mkunjo mzima mzima, akawa kwenye mgongo, kati ya mistari miwili ya buluu, kichwa mpaka viatu.

Yule mwanamke akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaikuza picha unywele mmoja hivi, mama akajaa ukanda vizuri na nafasi ya pumzi kila upande. Wale kumi na watatu wakajaa mbele, kila mtu na pua yake. Jina la kwaya akaliweka chini ya miguu ya mama. Halafu akabonyeza kitu, na mistari yote ya buluu ikatoweka, picha ikabaki peke yake, na hakuna mtu duniani angejua kwamba kulikuwa na vita hapo.

"Wewe," akaniambia, "ungesoma ungekuwa mtu hatari."

"Sikusoma na bado ni hatari."

Akanichapia kumi.

Jumamosi mchana nilikuwa Kiirua. Kulikuwa na ule upepo wao wa baridi unaotoka upande wa mlima. Kwaya ilikuwa kanisani kwa mazoezi, wamekaa lakini hawaimbi. Mama aliingia akitoka shambani kwa viazi, udongo kwenye buti, sweta mbili. Mwenyekiti akanisalimia kwa sauti ya mtu aliyelala msibani.

Nikampa mama kasha. Akaangalia mbele. Akahesabu kwa midomo. Akahesabu tena.

"Hapa ni kumi na watatu."

Nikamwambia ageuze ubavu. Akageuza. Akajiona.

"Na mbona mimi mmenitoa kwa wenzangu mkaniweka huku kando?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Kwanza mlinikata. Sasa mmenifukuza."

Mwenyekiti akaangalia sakafu. Nami, nasema kweli, nilihisi miguu ikitaka mlango. Lakini nilifungua mfuko, nikatoa yale makasha mengine tisa, nikaomba lile lake, nikayasimamisha yote kwenye benchi moja baada ya jingine, migongo ikimwangalia yeye, kama yanavyokaa kwenye rafu yangu.

"Mama, hivi ndivyo mtu anaiona kaseti dukani. Ule uso wa mbele mtu haonyeshwi mpaka anunue. Anayekutana na mteja ni huyu."

Kulikuwa na mama kumi kwenye benchi, wa zambarau, wamesimama wima. Akawatazama. Mdomo wake ukacheza upande mmoja.

"Hawa wote ni waanzilishi," akasema. "Nani ataitikia?"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Hata mwenyekiti aliinua kichwa. Lakini mama hakucheka nao, na sikuwa nimepewa ndiyo bado. Akachukua kasha moja, akalifungua, akaitoa kava, akainyoosha juu ya benchi kwa viganja mpaka mikunjo ikalala. Sasa ilikuwa picha moja, watu kumi na wanne mbele ya kanisa lao, na yeye mwisho, mahali pake. Akaweka kidole kwenye mwanya kati yake na jirani yake.

"Hapa nilisimama mbali kwa sababu huyu," akamwonyesha mwanamke mmoja bila kumtazama, "alikuwa amenikanyaga kidole cha mguu."

"Nilisema pole!" mwanamke akalia.

"Ulisema. Kidole hakikusikia."

Halafu akaikunja mwenyewe. Alianza upande wa mwanya, akashusha ukucha wa dole gumba polepole kutoka juu mpaka chini, akainama kuhakikisha ukucha haugusi zambarau. Mkunjo wa pili nao hivyohivyo. Akaigeuza, akaiangalia kwa mbali, akaiangalia kwa karibu, akairudisha ndani ya kasha. Iliingia mara moja, bila kusukumwa.

Hakuniambia asante. Alitia kasha kwenye mfuko wa sweta ya ndani, akapangusa mikono kwenye sketi, akaenda akasimama mwisho wa mstari wa mbele, upande wa kushoto, na akaanzisha. Alikuwa na sauti ambayo deki zangu hazikuwahi kuishika yote. Lakini uitikio ulichelewa, kwa sababu wenzake walikuwa bado wanapokonyana yale makasha tisa kwenye benchi, kila mtu akitafuta pua yake. Mama akanyamaza. Akawaangalia mmoja mmoja mpaka wakajipanga, akakohoa, na akaanza upya kutoka mwanzo.